Amana Isiyokuwa na Shahidi

Somo hili lahusu amana: maana yake, hukumu zake, na jinsi imani ya mtu inavyojulikana kwayo.

Watu wengi wakisikia neno hili hudhani ni fedha au dhahabu tu, iliyowekwa kwa jirani mpaka mwenyewe arudi safari. Hiyo kweli ni amana, na khabari zake zitaelezwa kwa urefu. Walakini amana ni pana kuliko hivyo. Mizani ya mwenye duka ni amana. Siri ya mgonjwa ni amana kwa tabibu wake, mali ya yatima ni amana kwa wasii, sanduku la msikiti ni amana kwa mshika hazina, na saa za kazi ni amana kwa mwenye kupokea mshahara. Kila kilicho mkononi mwa mtu, na haki yake ikawa ni ya mwingine, kimeingia katika mlango huu.

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, ya kuwa amana zirudishwe kwa wenyewe. Na katika Sura ya Anfal, aya ya 27, amewakataza waumini kufanya khiyana katika amana zao hali ya kuwa wanajua. Wengi katika wafasiri wametaja ya kuwa aya ile ya kwanza iliteremka kwa sababu ya ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka wa 8 wa Hijra (630), Makka ilipofunguliwa, ufunguo ulikuwa mkononi mwa Uthman bin Talha. Ulichukuliwa kwake, nyumba ikafunguliwa, na katika jamaa za Mtume pakawa na waliotamani kupewa ulinzi wa nyumba ile, juu ya kazi waliyokuwa nayo ya kuwanywesha mahujaji maji. Mtume (S.A.W.) hakuwapa. Alimwita Uthman bin Talha akamrudishia ufunguo wake, na hata leo ufunguo uko katika ukoo ule ule, kizazi cha Shaiba, binamu yake. Siku ile Mtume alikuwa mshindi mwenye jeshi la watu elfu kumi, na mji mzima ulikuwa chini ya amri yake. Hapakuwa na mtu awezaye kumdai ufunguo, wala kadhi wa kumshitakia.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha somo hili. Katika madhhabu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, mtu aliyewekewa amana akidai ya kuwa amekwisha irudisha kwa yule aliyemwamini, na mwenyewe akakana, hatakiwi kuleta shahidi. Kauli yake yakubaliwa kwa kiapo chake. Na akidai ya kuwa imeibiwa, kauli yake yakubaliwa vile vile kwa kiapo. Hukumu hii imo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra (1277), kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika darasa za Lamu, Mombasa na Unguja. Mwenye deni si hivyo: yeye akisema amelipa, na mdai wake akakana, hutakiwa bayana. Mwekewa amana ameachiliwa na ulimi wake.

Wako watakaosema ya kuwa huu ni mlango uliofunguliwa kwa wezi. Wanazuoni wamelijibu neno hili zamani. Mwenye kumhifadhia mwenziwe mali hapati faida yoyote. Afanya ihsani tu. Lau angalitakiwa mashahidi wawili kila arudishapo kitu, na kulipa kila kipoteapo bila ya kosa lake, hapana mtu angalikubali kumwekea mwenziwe hata sindano, na msafiri, mjane na mgonjwa wangalikosa pa kuweka vitu vyao. Tena mwenye mali mwenyewe ndiye aliyemchagua mtu huyo akamwamini. Basi haifai amwamini leo, na kesho aseme ya kuwa neno lake halikubaliki.

Jawabu hii ni sahihi, lakini haiondoi khatari. Mtu mwongo aweza kuiapia amana, akashinda mbele ya kadhi, akaenda zake nayo. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika hadithi iliyopokewa na Bibi Ummu Salama, amewaambia watu ya kuwa yeye ni binadamu, ahukumu kwa vile asikiavyo, na huenda mmoja katika wagomvi wawili akawa fasaha zaidi kwa hoja, basi aliyehukumiwa kupata haki ya ndugu yake asiichukue, kwani alichokatiwa ni kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haimhalalishii mtu haki ya mwenziwe, hukumu ya kadhi mwingine itamhalalishiaje?

Na itazamwe mpango wa Kurani katika jambo hili. Aya ya 282 ya Sura ya Bakara, iliyo ndefu kuliko aya zote, imeamrisha madeni yaandikwe, ikataja mwandishi, ikataja mashahidi na idadi yao. Kisha aya iliyofuata ikataja hali ya watu walioaminiana: hapo hapakutajwa karatasi wala shahidi, bali aliyeaminiwa ameamrishwa atekeleze amana yake na amche Mola wake. Penye shahidi pamesimama shahidi. Pasipo shahidi pamesimama ucha Mungu. Sharia imemleta mtu mpaka mlangoni, ikamwacha peke yake na Mola wake.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni usiku wa Hijra, mwaka 622. Makureshi walikuwa wakimwita Mtume (S.A.W.) Al-Amin, yaani Mwaminifu, tangu kabla ya kupewa utume. Alipowaletea dini walimkanusha, wakawatesa wafuasi wake. Walakini hawakuacha kuweka vitu vyao kwake. Jambo hili ni la ajabu kwa mwenye kulifikiri: mtu amwita mwenziwe mwongo mchana, na usiku ampelekea mali yake amhifadhie! Mwisho walikubaliana wamwue, wakachagua kijana katika kila kabila ili damu yake igawanyike baina yao wote. Usiku ule ule, na nyumba imekwisha zungukwa, mali za watu wa mji ule zilikuwa bado zimo mkononi mwake.

Angaliweza kuzichukua. Na hoja zingalipatikana kwa wepesi. Waislamu waliotangulia kuhamia Madina walikuwa wameacha nyumba na mali zao Makka, na baadhi ya nyumba zile Makureshi walizitwaa. Mtu wa leo angalisema: wao wametunyang'anya, na hizi ni badili yake. Au angalisema: nina roho ya kuokoa, sina nafasi ya kutazama vidani vya watu. Mtume hakusema hili wala lile. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (R.A.), aliyekuwa kijana mdogo, akamwamrisha akae Makka mpaka amrudishie kila mtu chake. Ali akakaa mchana na usiku wa siku tatu katika mji wa maadui, akazitoa amana moja moja kwa wenyewe. Kisha akatoka akamfuata Mtume, akamkuta Kuba. Imepokewa katika hadithi nyingine ya kuwa mtu amrudishie amana aliyemwamini, wala asimfanyie khiyana hata yule aliyemfanyia yeye khiyana. Usiku ule ndio sherehe ya maneno haya.

Sasa yafaa kuzijua hukumu zenyewe, kwani wengi huingia katika khiyana kwa ujinga, na ujinga wa jambo lililo faradhi si udhuru kwa mtu akaaye katika mji wenye wanazuoni.

Kwanza ni kuipokea. Imamu Nawawi ameeleza ya kuwa mtu asiyeweza kuihifadhi amana, ni haramu kwake kuipokea. Awezaye, lakini haiamini nafsi yake, ni makuruhu. Awezaye na akaiamini nafsi yake, ni sunna aipokee, kwa kuwa ni kumsaidia Mwislamu mwenziwe. Ajabu ya hukumu hii ni ile ya katikati. Sharia yamtaka mtu aijue nafsi yake kabla ya kunyosha mkono. Mwenye dhiki ya deni, na mdai wake yu mlangoni kila siku, akiletewa fedha za watu azihifadhi, na ajiulize kweli: itakapofika siku ya dhiki, na fedha hizi zimo sandukuni, mkono wangu utatulia? Kumwambia jirani ya kuwa hawezi si aibu kwake.

Pili ni kuitunza. Ikiwa ni nguo za sufu, yampasa azianike kwenye upepo zisiliwe na mdudu. Na ikiwa hazihifadhiki ila kwa kuvaliwa, azivae kwa kadiri ya haja hiyo. Akizivaa kwa kujipamba, basi amefanya khiyana. Nguo ni ile ile na mwili ni ule ule. Kilichotofautisha ni nia, nayo haionekani na mtu. Akisafiri, airudishe kwa mwenyewe au wakili wake. Asipopatikana, kwa kadhi. Asipopatikana kadhi, kwa mtu mwaminifu. Akiifukia chini ya ardhi akaenda zake safari bila ya kumjulisha mwaminifu akaaye pale, ikipotea atailipa. Akipatwa na maradhi ya kutisha, airudishe kwa mpango huu huu au aiusie, aseme ya kuwa kitu fulani kilichopo mahali fulani ni cha fulani. Asipousia na hali alikuwa na nafasi, dhima i juu yake. Ni mara ngapi watoto hurithi sanduku la baba yao, wakagawana vilivyomo, na nusu yake ilikuwa ya jirani! Watoto hawana kosa, kwani hawakujua. Kosa ni la aliyejua akanyamaza.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi waangukapo, ni kuitumia kwa nia ya kurudisha. Mathalan mtu ni mshika hazina wa chama cha mazishi. Fedha za wenziwe zimo mkononi mwake, na mwezi umemwia mzito. Atwaa kidogo, asema moyoni: "Hii si wizi. Nakopa, na mwisho wa mwezi nitarudisha, wala hapana atakayejua." Na pengine kweli arudisha. Ametoka salama?

Hukumu ya madhhabu ni hii: mtu aliyeitumia amana bila ya idhini, imekwisha kuwa katika dhamana yake; na akiacha khiyana ile, akakirudisha kitu mahali pake, dhamana haimtoki. Tangu siku ile, amana ikiibiwa au ikiungua bila ya kosa lake, atailipa, hali ya kuwa jana asingalilipa. Ataendelea hivyo mpaka mwenye mali amwamini upya, naye anajua. Maana yake ni kuwa kile kilichovunjika hakikuwa fedha, kwani fedha zimerudi zote. Kilichovunjika ni uaminifu wenyewe, na uaminifu hauko katika mamlaka ya aliyeuvunja akauunga peke yake gizani. Ni haki ya mwingine. Hukumu hii yawauma watu, na yafaa iwaume, kwa kuwa khiyana zote kubwa zilizopata kuharibu misikiti, vyama na mali za mayatima zilianza kwa mkopo mdogo uliorudishwa. Aliyerudisha mara ya kwanza asionekane, mara ya pili hutwaa zaidi, na mara ya tatu hawezi tena kurudisha.

Yafanana na hayo kuchanganya. Akizichanganya fedha za amana na zake mwenyewe zisipambanuke, bila ya idhini ya mwenyewe, imekuwa dhamana juu yake. Kwa hiyo mwenye kushika fedha za watu na aziweke mbali na zake, katika mfuko mbali au hesabu mbali ya benki, na aandike. Kuandika si dalili ya kutoaminiwa, bali kwamlinda yeye na nafsi yake kabla ya kumlinda na watu.

Wanazuoni wa Kishafi wametaja mfano mmoja, ambao yamkini uliwachekesha wanafunzi wa zamani, lakini leo una manufaa makubwa. Upepo wapeperusha nguo ya mtu kutoka penye kamba, waiangusha uani kwa jirani. Jirani huyu hakuwekewa amana na mtu yeyote. Hakuomba wala hakuiba. Nguo imemjia yenyewe. Hukumu yake ni nini? Wamesema ni amana ya kisharia, yaani amana aliyowekewa na Sharia, si na mwenyewe. Akimjua mwenye nguo, yampasa amrudishie au amjulishe upesi. Akinyamaza hali ya kuwa aweza, ikipotea atalipa. Hawezi kusema: "Angojewe aje kuuliza."

Mwaka 2007 ulianza Kenya utaratibu wa M-Pesa wa kupelekeana fedha kwa simu, na mwaka 2008 ukaingia Tanzania. Tangu hapo upepo wavuma kila siku. Mtu akosea tarakimu moja, na fedha za karo ya mtoto au za dawa ya mzee zaangukia katika simu ya mtu asiyemjua, pamoja na jina la aliyezipeleka. Mpokeaji hakuiba. Lakini ajua ya kuwa si zake, na njia ya kuzirudisha anayo. Basi ni nguo ile ile iliyopeperushwa. Wako wanaozitoa upesi kabla ya mwenyewe kupiga simu, kisha husema: "Mungu amenipa riziki." Hii ni khiyana, na juu yake ni kumsingizia Mwenyezi Mungu. Wala si mali ya kuokota, ambayo hutangazwa mwaka mzima milangoni mwa misikiti na katika masoko kwa kuwa mwenyewe hajulikani. Huyu amejulikana tangu dakika ya kwanza. Ijapokuwa ni hivyo, yafaa pia mtu awe na akili, kwani wapo matapeli waletao habari za uwongo ya kuwa wamekosea nambari. Na atazame kwanza salio lake, kisha arudishe kwa njia ya kampuni yenyewe, asiiachie haki ya mtu kwa kuogopa matapeli, wala asiitupe mali yake kwa ujinga.

Ama biashara, khabari zake ni mashuhuri, na hazihitaji maneno mengi. Watu wa Madyan, kaumu ya Nabii Shuaib (A.S.), wametajwa katika Kurani kwa kupunguza vipimo, na Sura ya Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia wapunjao. Ibn Abbas (R.A.) amepokea ya kuwa watu wa Madina walikuwa wabaya mno kwa vipimo Mtume alipofika kwao, na sura hiyo ilipoteremka wakatengenea. Kopo lililobonyezwa kitako, kidole kilichoegemezwa katika mizani, mchele mbichi uliofichwa chini ya mkavu, yote ni mamoja. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikapata umaji. Mwenyewe akatoa udhuru ya kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, kisha akasema ya kuwa afanyaye ghashi si katika wao. Mvua ilikuwa ni ya Mungu, na muuzaji hakuwa na kosa kwa kunyesha kwake. Kosa lake lilianza alipochagua kipi kiwe juu na kipi kiwe chini.

Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka wa 150 wa Hijra (767), alikuwa mfanya biashara wa nguo katika mji wa Kufa. Imepokewa ya kuwa alimpelekea mshirika wake bidhaa, akamwambia ya kuwa katika vitambaa vile kimo kimoja chenye ila, na akiuza amweleze mnunuzi. Mshirika akauza, akasahau kueleza, wala mnunuzi hakujulikana ni nani. Abu Hanifa alipopata khabari akatoa sadaka thamani ya bidhaa zote. Watu wengine wataona ya kuwa amezidisha, kwani kitambaa kilikuwa kimoja na mwenziwe alisahau tu. Lakini mnunuzi yule amepotea na haki yake, na yeye hakutaka kula fedha ambazo ndani yake mna haki ya mtu asiyemjua.

Na khabari ya binti wa maziwa yajulikana. Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akizunguka usiku Madina, akamsikia mama amwambia binti yake atie maji katika maziwa. Binti akamkumbusha ya kuwa Khalifa amelikataza jambo hilo. Mama akasema Umar hayuko hapa wala hawaoni. Binti akajibu ya kuwa Umar akiwa hawaoni, Mola wa Umar awaona. Kulipokucha Umar aliuliza khabari za nyumba ile, akamwoza binti yule mwanawe Asim. Katika kizazi chao alitoka Umar bin Abdulaziz, aliyetawala toka mwaka wa 99 mpaka 101 wa Hijra (717–720), ambaye kwa uadilifu wake wanazuoni wengine humhesabu pamoja na Makhalifa Waongofu. Nyumba ile ilikuwa ya watu mafakiri, na maji yale yangaliwaongezea kibaba kimoja cha maziwa.

Walioshika kazi za watu, wakubwa kwa wadogo, wao dhima yao ni nzito zaidi, kwa kuwa wenye haki ni wengi na hawatajwi majina. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, akusanye sadaka za Banu Sulaim. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, akatazama kama zawadi ile ingalimfuata huko. Kisha akapanda mimbari akawaonya watu wote ya kuwa achukuaye kitu katika kazi hiyo bila ya haki, atakuja nacho Kiyama amekibeba shingoni, akiwa ni ngamia au ng'ombe au mbuzi. Swali lile ndilo kipimo cha kila bahasha ipitayo chini ya meza, na kila kuku apelekwaye nyumbani kwa mwenye cheo. Lau angalikuwa si mwenye cheo, kuku yule angaliijua njia ya nyumba ile?

Wala asidhani mtu ya kuwa ibada zake zitamfichia. Baada ya vita vya Khaibari, mwaka wa 7 wa Hijra (628), mtumishi wa Mtume aitwaye Midam alikuwa akitua mizigo katika bonde la Wadil-Kura. Mshale usiojulikana umetoka wapi ukampiga akafa. Masahaba wakampongeza kwa pepo. Mtume (S.A.W.) akakataa, akaapa ya kuwa shuka aliyoitwaa siku ya Khaibari katika ngawira kabla ya kugawanywa yamwakia moto. Watu waliposikia hayo, mtu mmoja akaja na ugwe wa kiatu, au nyugwe mbili, akaziweka mbele ya Mtume. Hapana aliyekuwa akizitafuta nyugwe zile. Hapana aliyejua ya kuwa zimetwaliwa. Na vile vile imesimuliwa ya kuwa shahidi aliyeuawa katika njia ya Mungu husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Ikiwa damu haikuosha haki ya mtu, mtu asitumai ya kuwa itaoshwa kwa tasbihi ndefu na kilemba kikubwa.

Basi aliye na kitu cha mtu mkononi mwake afanye nini? Wanazuoni wameeleza ya kuwa toba ina sharti tatu: kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia, na dhambi ikiwa ni ya haki ya mtu, yaongezwa sharti ya nne, nayo ni kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Kusema "astaghfirullahi" mara elfu na mali imo kabatini si toba. Airudishe yenyewe ikiwapo. Ikiwa imekwisha, arudishe mfano wake au thamani yake. Akiona haya kwenda mwenyewe, aipeleke kwa mkono wa mtu mwaminifu, kwani yatakiwa haki imfikie mwenyewe. Hana uwezo leo? Akiri, aombe muhula, aandike, na alipe kidogo kidogo. Mwenye mali akisamehe kwa moyo wake, amesamehewa.

Mwenye mali akiwa amekufa, haki ni ya warithi wake. Warithi wakiwa mbali, hutafutwa. Na leo hapana mji ulio mbali kwa barua wala kwa simu. Akiwa hajulikani kabisa, na tumaini la kumpata limekatika, kama wale walionunua kwa kopo lililobonyezwa kitako miaka kumi, Imamu Nawawi amenakili kutoka kwa Imamu Ghazali ya kuwa mali hiyo hutolewa katika maslaha ya Waislamu wote, kama madaraja na misikiti, au wapewe mafakiri. Na aitoe kwa mkono wa kadhi, ikiwa kadhi ni mwaminifu. Ikiwa si mwaminifu, ampe mwanachuoni mcha Mungu wa mji ule aisimamie. Na asipopatikana mtu wa namna hiyo, aitoe mwenyewe, wala asiihesabu kuwa ni sadaka yake.